Ruby: nimeweka @abiria = 0, mbona bado naambiwa nil?

Mwanagenzi_Tandika

Wakuu, habari za jioni. Nafanya mazoezi ya klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu) kwenye lugha ya programu ya Ruby, toleo 3.4. Zoezi ni daladala ya Tandika–Kariakoo: uwezo abiria 30, inapandisha, inashusha, na konda anapokea nauli ya 600 kwa kila anayeshuka.

```ruby
class Daladala
  attr_accessor :abiria, :makusanyo

  def initialize(njia, uwezo)
    @njia = njia
    @uwezo = uwezo
    @abiria = 0
    @makusanyo = 0
  end

  def pandisha(idadi)
    abiria = abiria + idadi
  end

  def shusha(idadi, nauli)
    abiria -= idadi
    makusanyo += idadi * nauli
  end
end

gari = Daladala.new("Tandika-Kariakoo", 30)
gari.pandisha(12)
```

Inakatika na ujumbe `undefined method '+' for nil`. Hiyo nil (yaani "hakuna kitu") inatoka wapi wakati nimeanza na 0? Halafu nikiweka @ kila mahali inakubali. Sasa attr_accessor ina kazi gani? Nikimaliza hapa nataka kuongeza basi la mwendokasi.

fundi_msimbo

Mkuu, @abiria yako ipo salama, bado ni 0 na hakuna aliyeigusa. Nil inatoka kwenye kigeu (jina linaloshika thamani) kingine kabisa ulichokitengeneza bila kujua.

Ruby husoma mstari kabla ya kuutekeleza. Ikikuta `abiria =` bila kitu mbele yake, inaandikisha kigeu cha ndani ya methodi (kitendo cha klasi, kama pandisha) chenye jina hilo, na thamani yake ya mwanzo ni nil. Upande wa kulia ukitaja abiria, Ruby inatafuta vigeu vya ndani kwanza, methodi baadaye. Inakipata hicho kipya, inajaribu nil + 12, inakwama. Kule kwenye shusha kuna kosa hilohilo mara mbili.

attr_accessor inakuandikia methodi mbili: `abiria` ya kusoma na `abiria=` ya kuandika. Ukiwa ndani ya klasi, ile ya kuandika haiitwi mpaka uweke self: `self.abiria = abiria + idadi`. Au andika moja kwa moja `@abiria += idadi`. Zote mbili ni sahihi.

Wewe umepata bahati kwamba imelia. Jaribu hii:

```ruby
def anza_upya
  abiria = 0
end
```

Haitalia, na daladala itabaki na abiria wake 12. Kosa la kimya namna hii linamaliza siku nzima. Zoea kuendesha faili kwa `ruby -w daladala.rb`, hapo utaonywa `assigned but unused variable - abiria`.

Dada_wa_Kigamboni

Naongezea kwa fundi_msimbo, maana swali la attr halijaisha.

Ukikosea herufi kwenye @, mfano @abira, Ruby inakupa nil bila neno, na tangu toleo 3.0 hata -w haikuonyi. Ukisoma kupitia methodi, yaani `abira` bila @, unapata NameError papo hapo, na mara nyingi inakupendekezea jina sahihi. Kwa hiyo nashauri: andika kwa @, soma kwa methodi.

Ila attr_accessor iondoe, weka `attr_reader :njia, :uwezo, :abiria, :makusanyo`, inayoandika methodi za kusoma tu. Ilivyo sasa mtu yeyote nje anaweza kuandika `gari.abiria = -5` na daladala ikakubali. Idadi ibadilike kwa kupanda na kushuka tu, na sheria zikae humo:

```ruby
def pandisha(idadi)
  raise ArgumentError, "idadi izidi 0" unless idadi.positive?
  waliopanda = [idadi, uwezo - abiria].min
  @abiria += waliopanda
  waliopanda
end
```

Mstari wa mwisho ndio jibu la methodi. Pandisha 12, unarudishiwa 12. Pandisha 25, unarudishiwa 18, maana nafasi zilikuwa 18. Usimalizie kwa puts: puts inarudisha nil, na atakayetaka kutumia idadi hiyo baadaye atakwama. Kuchapisha kufanyike nje ya klasi. Shusha nayo ikatae idadi inayozidi abiria waliomo.

Kama idadi inatoka kwa gets (inayosoma anachoandika mtumiaji), ile ni maandishi, inabidi uigeuze. Epuka to_i kwa kazi hii: `"kumi".to_i` inakupa 0 kimyakimya. Tumia `Integer(gets, 10)`. Hiyo 10 usiiache, kwa sababu bila hiyo "012" inasomwa kwa kizio cha nane na kuwa 10, na "08" inakataliwa kabisa.

Mbezi_Mwisho

Kwa mwendokasi, usirithi kutoka Daladala. Mwendokasi haina konda wa kuzungukia abiria kudai nauli, ungejikuta unafuta nusu ya ulichorithi. Tengeneza klasi mama `Gari` yenye njia, uwezo, abiria, pandisha na shusha isiyohusika na hela. Kisha `Daladala < Gari` na `Mwendokasi < Gari`, yaani zote mbili zinarithi kutoka Gari.

```ruby
class Mwendokasi < Gari
  attr_reader :makusanyo

  def initialize(njia, uwezo, nauli)
    super(njia, uwezo)
    @nauli = nauli
    @makusanyo = 0
  end

  def pandisha(idadi)
    waliopanda = super
    @makusanyo += waliopanda * @nauli
    waliopanda
  end
end
```

Angalia super mbili hizo; super inaita methodi ya jina hilohilo iliyo kwa mama. Ikiwa tupu inapeleka kwa mama kila kilichopokelewa. Kwenye pandisha inafaa. Kwenye initialize ingepeleka vitu vitatu kwa mama anayetaka viwili, ungepata `wrong number of arguments (given 3, expected 2)`. Ukiisahau kabisa, @abiria haiwekwi 0, na utakutana tena na nil yako ya mwanzo.

Usishawishike kuweka `@@makusanyo` kwenye Gari. Kigeu cha @@ ni kimoja kwa mama na watoto wote, kwa hiyo hela za daladala na za mwendokasi zitaingia mfuko mmoja.

Dada_wa_Kigamboni

Mbezi_Mwisho, urithi umeueleza vizuri, lakini hela umeziweka pasipo mahali pake. Mwendokasi analipiwa kituoni kabla ya kupanda. Aliyekosa nafasi anasubiri basi linalofuata, na nauli yake tayari imepokelewa. Chukua watu 170 wenye tiketi, nauli ya mfano 750, basi la watu 150. Klasi yako inahesabu 112,500. Kituoni zimeingia 127,500. Zile 15,000 za watu 20 hazionekani popote.

Makusanyo yakae kwenye Kituo, na Mwendokasi ibaki Gari tu:

```ruby
class Kituo
  attr_reader :makusanyo, :wanaosubiri

  def initialize(nauli)
    @nauli = nauli
    @makusanyo = 0
    @wanaosubiri = 0
  end

  def kata_tiketi(idadi)
    @wanaosubiri += idadi
    @makusanyo += idadi * @nauli
  end

  def pakia(basi)
    return 0 if wanaosubiri.zero?
    @wanaosubiri -= basi.pandisha(wanaosubiri)
  end
end
```

Ule mstari wa zero? ni wa lazima, kwa sababu pandisha yetu inakataa 0. Kituo hakijali basi ni la klasi gani, ilimradi linajua pandisha na linarudisha idadi.

Mbezi_Mwisho

Kweli kabisa, dada. Mwanagenzi, fuata hiyo ya Kituo. Mfano wangu wa super utumie kujifunza super tu.

Mwanagenzi_Tandika

Asanteni sana wakuu. pandisha(12) imenipa 12, pandisha(25) imenipa 18, na `kituo.pakia(basi)` imerudisha 20, wale waliobaki kusubiri. Limebaki moja: nilikuwa ndani ya irb (dirisha la kujaribia Ruby mstari kwa mstari), nikabadilisha `class Daladala` kuwa `class Daladala < Gari`, nikaipakia faili tena kwa load. Naambiwa `superclass mismatch for class Daladala`.

fundi_msimbo

irb bado inaikumbuka Daladala ya zamani isiyo na mama huyo, na Ruby hairuhusu klasi kubadilishiwa mama baada ya kuzaliwa. Andika exit, fungua irb upya, kisha `load "./daladala.rb"`. Mabadiliko ya methodi peke yake hayahitaji kutoka, load inatosha. Ile amri nyingine ya kupakia faili, `require_relative`, ndiyo isiyosoma faili mara ya pili. Ila ukigusa initialize, tengeneza gari jipya kwa new, maana lile la zamani lilishapita hapo.