CSI "Grave Danger" au Bones "Aliens in a Spaceship": niweke ipi Jumamosi?

Mzee_wa_Bando: Wakuu, Jumamosi nina wageni, nataka kuwawekea kitu cha upelelezi wa maabara. Bando langu linatosha kushusha kimoja tu. Nimebaki na hizi mbili, kila moja ni kipande cha tamthilia ya Marekani, zote watu wanazikwa hai. Ipi?

BiKizimkazi: Wageni gani? Wangapi? Watoto wamo? Umekuja kama mtu anayeomba dawa bila kusema anaumwa wapi.

Kachero07: CSI, hakuna mjadala. Kaiongoza Quentin Tarantino, Mei 2005, kufunga msimu wa 5. Mpelelezi Nick Stokes kafukiwa kwenye sanduku linaloonyesha ndani, wenzake Las Vegas wanamtazama kwa kamera. Kila wakiwasha taa wamwone, feni ya hewa inazima. Hapo roho inakutoka.

Mama_Vinasaba: Bones. Wataalamu wa maabara Brennan na Hodgins wamo ndani ya gari chini ya ardhi, hewa inaisha, wanajikwamua kwa akili zao, mpaka mifuko ya hewa ya gari inageuzwa baruti. CSI mashine zinafanya kila kitu, majibu ya vinasaba kabla chai haijapoa. Peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu uone.

Kachero07: Ila hiyo ya Bones inaisha hujamjua mtekaji, mpaka msimu wa 4. Wageni watalala hapo wakisubiri?

Flashi64: Hiyo ya CSI iliniaibisha. Nilipeleka flashi kwa jamaa anayeingiza muvi mtaani, nikalipa. Jioni sebule imejaa, shemeji zangu kimya, soda hazinyweki. Nick bado yumo sandukuni, mara majina yakaanza kupanda. Kumbe ile ni sehemu mbili, ya 24 na ya 25, na jamaa kaweka moja! Nampigia, ananijibu eti ya pili inalipiwa tena. Nikarudi sebuleni kuwasimulia kwa mdomo, na hata mimi nilikuwa sijaiona. Shemeji mmoja mpaka leo akinikuta ananiuliza, "Yule kijana walimtoa?"

Kachero07: 😂 Bora hawakuwaona wale siafu wanaomvamia Nick sandukuni.

Dudu_Mtaalamu: Si siafu. Siafu hutembea kwa msafara na silaha yao ni taya. Wale ni Solenopsis invicta, yaani sisimizi wa moto, asili yao Amerika Kusini, wanadunga kwa mwiba wa nyuma. Ndiyo maana Grissom, mpelelezi mwenzake Nick, alipowatambua akajua pa kutafuta: kwenye kitalu cha miche.

BiKizimkazi: Sasa umemwaga mwisho wote!

Dudu_Mtaalamu: Kitu cha 2005, dada.

BiKizimkazi: Mimi namshauri Silent Witness ya BBC. Ipo tangu 1996, watu wazima wanafanya kazi yao bila mbwembwe.

Mama_Vinasaba: Hiyo usingizi mtupu.

Mzee_wa_Bando: Wageni ni baba mkwe na mama mkwe. Mama mkwe hata lifti hapandi, anasema inambana pumzi.

BiKizimkazi: Na unataka kumwekea mtu aliyezikwa hai?!

Flashi64: Mkuu, wakwe wanakuja unawaza muvi? Mnapika nini?

Mzee_wa_Bando: Pilau. Jamani, bando linaisha saa sita usiku.

Kachero07: Pilau la kuku au la ng'ombe?

Mama_Vinasaba: Wakwe hawapikiwi kuku wa kisasa, sikiliza.

Dudu_Mtaalamu: Ng'ombe. Na weka BONES basi, angalau gari lina nafasi.