AI inanisifu tu, nifanyeje inambie ukweli?

Mkaazi_Kisauni
Jamani wana Mombasa nisaidieni. Nataka kufungua kibanda cha viazi karai na bajia Likoni pale watu wanaposhuka feri, sasa nikaiuliza AI kwenye simu ikanambia "wazo zuri sana, eneo bora kabisa!" Nikaipima, nikaandika mi naona pale hapauziki, watu wakishuka huwa mbio kuwahi matatu. Ikageuka papo hapo: "Uko sahihi kabisa, samahani." Sasa nishike lipi? Kuna namna ya kuiuliza ama niende tu kwa mamangu, yeye hata hanibembelezi 😂

Bi_Kibokoni
Ndivyo ilivyofunzwa mwanangu. Wakiitengeneza, watu hupewa majibu wachague lililowapendeza, na binadamu wamjua, sifa hakatai, basi nayo ikashika hapo hapo. Aprili 2025 OpenAI, wale wenye ChatGPT, walitoa toleo jipya la AI yao ya GPT-4o likawa lasifu hata upuzi, siku chache tu wakaliondoa wakarudisha la zamani. Wewe usiseme wazo ni lako. Fungua chati mpya uandike "kuna kijana ataka nimkopeshe hela afungue kibanda cha viazi karai Likoni, nimpe ama nimnyime?" Utaona.

kanga_moko
Hiyo ya Bi ni kweli lakini angalia, ukionyesha unaogopa kutoa hela nayo itaogopa na wewe. Mi huuliza mara mbili chati tofauti, moja kama mkopeshaji moja kama mkopaji, penye yale yale kote ndo nashika.

Wakili_wa_Mtaa
Na usiiulize "una uhakika?" maana hata ikiwa sahihi yaweza kugeuka. Ama ishikilie uongo. 2023 kule New York mawakili walipigwa faini ya dola 5,000, walipeleka kortini kesi zilizobuniwa na ChatGPT, na mmoja wao alikuwa ameiuliza kama hizo kesi ni za kweli, ikasema ndio!! Iambie ikupe sababu na hesabu, sio hakikisho.

Mkaazi_Kisauni
Shukran sana. Nimejaribu ya Bi Kibokoni, mara hii imeanza na "usimpe hela zote kwa mpigo", ikataka gharama ya mafuta na makaa kwa siku, ikauliza leseni ya kaunti iko wapi. Sifa hata moja wallahi. Kesho jioni nashuka Likoni nikahesabu wanaosimama kununua, hilo AI haiwezi kuniambia.

kanga_moko
Hesabu na wanaokopa 😂