Kiuno kinakamata kila alfajiri: sponji nzito, springi, au lile gumu la "mifupa"?

MwalimuTegeta
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa waliopitia. Nina miaka 43, nafundisha, nashinda nimesimama. Tangu mwezi wa nne kiuno kinanikamata alfajiri. Nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika kama kumi ndipo niweze kuinama kuvaa viatu. Nikishatembea kinaachia, ikifika saa nne nimeshasahau, halafu kesho yake yale yale. Hospitali nimepigwa picha, wakasema pingili ziko salama, ni misuli. Nikapewa dawa na mazoezi.

Godoro letu ni sponji, tano kwa sita, inchi 6, tunalilalia mwaka wa saba sasa. Jumamosi nimezunguka Kariakoo hadi miguu ikavimba, nimebaki na matatu ya kuchagua: sponji ya haidensiti ya inchi 8, springi ya inchi 10 yenye tabaka laini juu, na lile ambalo wauzaji wanaliita la mifupa, gumu kama ubao na ghali kuliko yote. Muuzaji ameniapia kwamba mgongo unaouma unataka kunyooshwa. Mume wangu ana kilo 96, mimi 61. Tuna laki nne na nusu, na sitaki kukosea.

Kaka_Roli
Pole sana dada. Mimi ni dereva wa masafa, kiuno nakijua. Nilinunua hilo gumu kwa maneno hayohayo ya kunyooshwa, nikalilalia karibu miaka miwili. Mimi hulala ubavu. Kila usiku bega na nyonga vinakufa ganzi, nageuka, upande wa pili nao unakufa ganzi. Mwishowe nikatandika mablanketi mawili mazito juu yake ndipo nikaanza kulala hadi asubuhi. Yaani nililipia ugumu, kisha nikatafuta namna ya kuuondoa. Usirudie kosa langu.

FizioMoshi
Mwalimu, pole. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, wagonjwa wa kiuno ndio kazi yangu ya kila siku, na hili la "godoro gumu ndiyo dawa" nalisikia kila wiki. Zamani hata madaktari walishauri hivyo. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania: watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligawiwa magodoro kwa kura, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati, na hawakuambiwa yapi ni yapi. Baada ya siku 90, waliolalia ya kati ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka.

Sababu yake ukiitazama mwilini inaeleweka. Ukilala ubavu, bega na nyonga ndivyo vilivyojitokeza. Godoro likikataa kuvipokea, kiuno kinabaki hewani na misuli inakishikilia usiku kucha. Likiwa laini mno, nyonga inazama na uti wa mgongo unapinda kama machela. Kwa hiyo lala chali dukani, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa urahisi na nafasi inabaki, hilo ni gumu kwako. Kikigoma kabisa kupita, umezama. Kisha lala ubavu, mumeo asimame nyuma yako aangalie kama mstari wa mgongo umenyooka kutoka shingoni hadi kiunoni. Kaeni hapo dakika kumi na zaidi, msimwonee haya muuzaji.

Jambo moja nje ya magodoro: yeyote anayesoma hapa, ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, ukishindwa kujizuia mkojo au choo, au mguu ukaanza kulegea, usitafute godoro. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Fundi_Keko
Mbona hakuna aliyeuliza kuhusu kitanda? Mwalimu, kabla hujatoa hata shilingi, inua godoro uangalie chaga. Nimetengeneza vitanda miaka 14. Vingi vya bei nafuu vina chaga sita au saba nyembamba, na katikati hakuna mhimili wa kuzibeba. Sponji inajipenyeza kwenye mianya, chaga za katikati zinapinda, na mtu analalamikia godoro. Kiganja chako kikipita kwa upana kati ya chaga na chaga, mwanya huo ni mkubwa.

Fanya hivi: shusha godoro sakafuni, juu ya mkeka, mlale hapo siku tano. Kiuno kikipata nafuu, mwenye kosa ni kitanda. Na uchukue uzi, uuvute ukaze kutoka ukingo hadi ukingo wa godoro mahali mnapolala, kisha upime kwa rula kutoka kwenye uzi hadi chini kwenye bonde.

MwalimuTegeta
Fundi, Mungu akubariki. Nimepima jana na binti yangu, yeye kashika uzi, mimi rula. Upande wa mume wangu bonde ni sentimita 5, upande wangu 3, na kati yetu pamebaki kituta. Kumbe ndiyo maana usiku najikuta nimeteremkia kwake na kiuno kimepinda! Chaga mbili zimepasuka, moja imefungwa kamba na sikumbuki nani aliifunga. Tumeshusha godoro sakafuni. Bonde limepungua lakini halikuisha, bado upande wake ni kama sentimita 4.

FizioMoshi
Basi vyote viwili, kitanda na godoro. Sentimita 4 kwa sponji ya inchi 6 ni nyingi sana.

Sponji_Mzee
Nilifanya kazi kiwanda cha magodoro hadi nikastaafu, niwaeleze hili neno haidensiti maana linawaponza wengi. Densiti ni uzito wa sponji kwa ujazo wake, kilo kwa kila mita moja ya ujazo. Siyo ugumu. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ukaibonyeza dukani ukaridhika, baada ya mwaka imelala chini. Uzito ndio unaoamua itadumu na umbo lake muda gani.

Na uzito unapimika, mwanangu. Tano kwa sita ya inchi 8 ina ujazo wa mita 0.57 hivi. Sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo itakupa godoro la kilo 17. Ya kilo 18 itakupa kilo 10 tu. Kitambaa kinaongeza kidogo. Muulize muuzaji densiti kwa namba, halafu omba mizani. Kwa mzee wa kilo 96, densiti ya chini ya kilo 28 kwa mita ya ujazo nisingeshauri.

Tahadhari moja: kuna sponji inayotokana na vipande vya mabaki vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hiyo ni nzito sana na ngumu sana, ukiikata unaona rangi mchanganyiko kama kitenge. Magodoro mengi ya "mifupa" niliyowahi kuyafungua yana hiyo ndani. Kama tabaka la chini haina ubaya, lakini ikikugusa mwili moja kwa moja utapata yaliyompata huyu dereva. Neno "mifupa" kwenye kitambaa halina kipimo chochote nyuma yake. Fungua zipu uone.

Bint_Nyali
Mimi niko Mombasa, nitetee springi. Joto la pwani mwalijua. Tulikuwa na ile sponji inayobonyea na kurudi polepole. Kwa joto inalainika, mwili unazama, waamka umeroa jasho. Springi yapitisha hewa. Lakini dada, angalia zile ambazo kila springi imevishwa mfuko wake. Zilizounganishwa pamoja, mzee akigeuka nawe waruka, na yeye ana kilo 96.

FizioMoshi
Huku kwetu, kwa baridi ya Julai, hiyo hiyo sponji ya polepole inakuwa ngumu hadi mwili uipashe joto. Kwa kweli hali ya hewa ya unapoishi iingie kwenye hesabu.

Mtanga_wa_Chumbageni
Bibi yangu amelala kwenye godoro la sufi maisha yake yote. Siri ni kwamba kila mwaka lilifumuliwa, sufi ikachambuliwa na kuanikwa juani, kisha likashonwa upya. Leo hatuchambui, ndiyo maana watu wanasema sufi inaumiza.

MwalimuTegeta
Nimerudi na majibu. Kitanda kimeenda kwa fundi, kimerudi na chaga 13 na mhimili wenye mguu katikati. Springi za mifuko zilinivutia kweli, lakini za ubora zilizidi hela yetu, na za bei yetu nilisikia chuma ubavuni nilipolala. La mifupa tulifungua zipu: rangi mchanganyiko, kama Mzee alivyosema, juu yake sponji nyembamba kama kidole. Tukachukua sponji ya inchi 8. Muuzaji alitamka 30, tukaomba mizani ya duka la nafaka jirani, ikasoma kilo 17 na nusu pamoja na kitambaa. Leo ni usiku wa tisa. Ukingoni mwa kitanda nakaa dakika mbili, tatu, na mazoezi sijaacha. Ila shingo sasa inaniuma, sikuwa nayo mwanzo.

FizioMoshi
Mto, Mwalimu. Godoro la zamani lilikuzamisha bega, ndiyo maana mto mwembamba ulikufaa. Sasa bega limepanda, na mto huo haufiki. Ukilala ubavu mto ujaze nafasi kati ya sikio na bega, usizidi, na mto mwingine uweke kati ya magoti. Ukilala chali uweke chini ya magoti. Jaribu wa sasa ukiuinua kwa khanga iliyokunjwa chini yake kabla hujanunua mwingine.