Picha ya CT ya kichwa ilikuja safi, mbona kaka si yule tena?

MdogoWake: Habari zenu. Kaka yangu alilala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Asubuhi tukamkuta hajitambui. Hospitali wakamwekea oksijeni, wakampiga CT ya kichwa siku ileile, majibu safi. Siku ya tano akaruhusiwa, anaongea, anacheka. Sasa ni wiki ya tatu. Jana alishika kifungo cha shati, akakitazama tu, hajui akifanye nini. Anatembea kwa kuburuta miguu, mkojo unamponyoka. Ndugu wanasema ni mawazo. Nimekua naye, nakataa. CT safi si ina maana ubongo uko salama?

MsomaPicha: Pole sana. Hapana, haina maana hiyo. Saa za mwanzo CT inaweza isionyeshe kitu. Mrudisheni leo, muombe MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu ya jiko la mkaa, hupenda kuumiza globasi palidasi, viini viwili vilivyo ndani kabisa ya ubongo, kulia na kushoto. Kwenye FLAIR, aina mojawapo ya picha za MRI, hung'aa kama macho ya paka gizani. Ila kwa dalili ulizotaja, mimi ningekazia macho sehemu nyeupe inayozunguka vyumba vya maji vya ubongo. Mgonjwa anaweza kupata nafuu kabisa, kisha kati ya siku 2 na 40 hivi akazorota, kwa sababu nyuzi za huko zinapoteza ganda lake. Fomu iandikwe "kaboni monoksidi" na tarehe ya tukio. Ikiandikwa "kuchanganyikiwa" tu, msomaji atawaza mengine.

MdogoWake: Siku ile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 98. Kilidanganya?

MsomaPicha: Kile hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, ambayo huing'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ndiyo ilipaswa kupimwa siku ile. Sasa haitasema kitu, sumu ilishatoka.

MamaWawili: Mume wangu alianza kubadilika siku ya 24. Alisimama mbele ya mlango wa chooni akiupapasa, hajui unavyofunguka. MRI ikaonyesha mawingu meupe pande zote mbili. Ilichukua miezi, mdogo wangu, na mazoezi ya kila siku. Picha ya mwaka uliofuata bado ina alama, lakini kamba za viatu anafunga mwenyewe. Usimwache kaka peke yake, hasa usiku.

MdogoWake: Asanteni, nimelia kusoma. Tumerudi hospitali, daktari amekubali, MRI ni kesho saa mbili asubuhi. Tarehe ya tukio nimeiandika kwenye karatasi, iko mfukoni mwa shati lake.