Msimamizi anasema nisubiri, mimi naona ananichelewesha. Nishaurini wakuu

Kipeo_cha_Pili (mleta mada)
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana usingizi sipati. Nipo masta ya hisabati, utafiti wangu ni jiometri ile inayokutana na fizikia. Wale watu wa nadharia ya nyuzi wanasema ulimwengu una vipimo 10, vinne ndo hivi tunavyoishi navyo na sita vimejiviringisha vidogo mno kwenye maumbo yanaitwa Calabi-Yau, sasa mimi kazi yangu ni kuhesabu juu ya umbo kama hilo inalala mistari mingapi iliyonyooka na mingapi iliyopinda. Nimeandika programu, imetoa namba ambayo hailingani na iliyopo kwenye makala za wakubwa. Msimamizi nikimwambia anasema subiri, na muda unaenda. Niendelee kumsubiri au niende kivyangu?

Jongoo_Kavaa_Viatu
Nimeweka kambi hapa, ngoja wajuvi waje.

Mkulima wa Ruvu
Dogo, hivyo vipimo sita vitakulipia kodi ya chumba? Mimi nina digrii ya hesabu ya mwaka 2009, nikapiga tempo shule za watu, mshahara unakuja kwa mafungu, nikasema basi. Leo nalima matikiti na hesabu ninayopiga ni ya mbolea na mafuta ya pampu. Msimu uliopita mvua ilininyoosha lakini sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya mstari uliopinda. Kuna shamba jirani linakodishwa, ukitaka nicheki.

Bi_Mizani
Kijana mbona hujasema kitu? Anataka usubiri nini? Na hiyo "kivyangu" maana yake ipi? Nimefundisha chuo muda mrefu, anayeuliza kama aende huwa keshafika.

Kipeo_cha_Pili
Sawa madam nisiwafiche. Makala nimeshaituma kwenye jarida, jina langu peke yangu. Lakini jamani programu nzima nimeandika mimi, yeye alinipa mada tu, imeili zangu anajibu "nimeona" basi. Ningeweka jina lake bila kumuuliza si ndo ingekuwa kesi? Na mtu wa nje akinitangulia nyie mtanilipa?

Mzee wa Busara
Kizazi hiki hakina adabu, tuseme ukweli. Msimamizi ni mzazi. Chukua mtu mzima mmoja mwende mkamwangukie kabla hajasikia kwa watu.

Mdanganyika_Trieste
Namba kwanza, radhi baadaye. Nilikaa mwaka mmoja Trieste, Italia, pale ICTP, kituo cha fizikia alichokianzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, na kila anayegusa mada hii alisimuliwa kisa kimoja. Mwaka 1991 Candelas na wenzake watatu, wote wanafizikia, walitumia ulinganifu wa kioo, yaani umbo lina pacha wake, fizikia yao ni ile ile ila hesabu iliyokushinda huku kule inalainika. Wakasema kwenye kwintiki, yaani umbo la Calabi-Yau la mlinganyo wa digrii 5, mistari iliyopinda ya digrii 3 (digrii 1 ndo ile iliyonyooka) ipo 317,206,375. Wanahisabati wawili wa Norway, Ellingsrud na Strømme, kompyuta yao ilikuwa imewapa 2,682,549,425. Wakubwa kwa wakubwa, nani anadanganya? Wanorwe wakarudi kwenye programu yao, wakakuta hitilafu, kurekebisha ikatoka ile ile ya wanafizikia. Sasa dogo, programu yako ukiilisha kwintiki inatoa ngapi?

Kipeo_cha_Pili
Iliyonyooka inatoa 2,875, sawa na vitabu. Digrii 2 sijajaribu, sioni haja, umbo langu si hilo.

Mdanganyika_Trieste
Haja ipo. Inatakiwa itoke 609,250, na hiyo haigandishi hata laptopu ya mtumba.

Kibisi
Samahani wakuu, hii chai. Mtu ana programu, programu inabishana na wakubwa, halafu kumbe kisa ni cha Norway 1991 neno kwa neno? Kasoma mahali kaja kutujaribu. Akaunti yenyewe ya juzi, cheki hapo.

Wa_Nakuru
Mimi sijaelewa hata kitu moja lakini kutoka hapa siwezi. Hata kama ni uongo, amalize.

Kipeo_cha_Pili
Kibisi acha hizo. Yangu ni makutano ya nyuso mbili za digrii 3 ndani ya nafasi ya projektivu ya vipimo 5. Iliyonyooka ni 1,053, hapo tunakubaliana wote. Digrii 2 wao wanasema 52,812 mimi napata 52,943. Mtu wa kutunga angejuaje hayo?

Mdanganyika_Trieste
Ilitoka namba kamili?

Kipeo_cha_Pili
Ilikuja na .625 nyuma nikaikata, mistari haihesabiwi vipande.

Mdanganyika_Trieste
Chukua 1,053 gawa kwa 8.

Bi_Mizani
131.625. Toa kwenye namba yake ya mwanzo inabaki 52,812 kamili. Ee Mola.

Mdanganyika_Trieste
Mstari ulionyooka ukipitiwa mara mbili unajihesabu kama wa digrii 2, kila mmoja unachangia moja ya nane, inabidi utoe. Ile desimali aliyoikata ndo ilikuwa inamwambia. Dogo waandikie jarida usiku huu, iondoe makala kabla haijamfikia mtu.

Kipeo_cha_Pili
Marefa wa jarida, wale wanaokagua makala, wapo kwa ajili hiyo, waamue wao. Na kama msimamizi alijua mambo ya moja ya nane mbona hakusema? Hilo hamjibu.

Bi_Mizani
Ulimwonyesha hiyo .625?

Kibisi
Sasa ndo nimeelewa. Namba imelingana mpaka desimali tatu, muulizaji na mjibuji wanapishana dakika mbili mbili. Nyie ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Modi njoo hapa.

Mkulima wa Ruvu
Lile shamba bado lipo.