Toyota GX110: nianze na injini au nishushe gari kwanza? Muda ndio sina

Mlima_Mabatini: Habari za jioni wakuu. Nina Toyota Mark II GX110 na naipenda hadi kazini naiwaza. Niko kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, wiki moja usiku, wiki moja mchana. Nikitoka nalala, nikiamka narudi. Rimu za inchi 18 ziko uvunguni tangu mwezi wa tatu. Fundi mmoja anasema atanikatia springi gari likae chini, kwa saa mbili tu, nikiwa nimelala. Rafiki yangu anasema achana na springi, weka injini ya 1JZ yenye tabo (turbo). Hela ya vyote sina. Nianze na kipi?

Chuma_Nyegezi: Usikate springi, nakuomba. Mimi nilikata. Jiwe moja tu la kwenye kilima likatoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika kimyakimya, naona taa inawaka injini ishanoki. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, na shokapu inagonga mwisho kila tuta. Na huko kwenu mawe yako mpaka mlangoni! Ukitaka kushusha, tafuta springi fupi pamoja na shokapu zake.

Dada_Igoma: Kaka, injini yako ya sasa, 1G-FE, ni cc 1,988, nguvu za farasi 160. 1JZ-GTE, hiyo yenye tabo, ni cc 2,491, farasi 280. Mark II ya JZX110 ilitoka kiwandani nayo, na bodi ni hilohilo lako, kwa hiyo inaingia. Ila chukua iliyotoka kwenye gari hilo, na gia boksi, waya na kontroo boksi (kompyuta ya injini) vyake vyote, la sivyo utamaliza mwaka unatafuta waya. Na breki je? Hizo ulizonazo zilipangiwa farasi 160. Hebu fikiria unashuka kilima cha Bugando mvua inanyesha. Namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA.

Mvuvi_Kirumba: Huyu tangu Pasaka ni "wiki ijayo wakuu" 😂 Tumeshavuka daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji bila kungoja kivuko, tukanywa chai Sengerema, yeye anatutumia picha ya rimu uvunguni. Tumekukumbuka ng'wanawane. Likizo yako ya siku 28 iko wapi?

Mlima_Mabatini: Nusu nilikwenda kumuuguza mama Magu. Zimebaki 14.

Mvuvi_Kirumba: Pole sana ndugu yangu, sikujua. Anaendeleaje?

Mlima_Mabatini: Anatembea sasa, namshukuru Mungu.

Dada_Igoma: Mungu azidi kumponya. Basi injini ingoje hizo 14, usimwachie fundi peke yake. Jumapili hii breki, bushi na rimu.

Chuma_Nyegezi: Nakuja kukufungia. Tutazungusha usukani hadi mwisho pande zote, tuone tairi haligusi fenda.

Mlima_Mabatini: Natoka zamu saa 12 asubuhi. Njoo saa 4, nipate usingizi kidogo. Nani ana jeki ya tani 3?

Mvuvi_Kirumba: Ninayo. Na sato wa mchana nakuja naye.