Bangi ihalalishwe? Nionyesheni kwanza trafiki atampimaje dereva

Mama wa Pongwe: Wadau, salaam. Juzi pale Mabanda ya Papa, Tanga, jamaa mmoja alishikilia kwamba Tanzania iruhusu bangi ya starehe, kama Kanada walivyofanya Oktoba 2018, na kwamba barabarani hakitabadilika kitu kwa sababu wavutaji wanaendesha tangu zamani. Mimi nakataa.

Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Kange alfajiri, mtoto ana homa mgongoni. Bodaboda wa kwanza kunisogelea, koti zima linanuka msokoto. Macho mekundu, ila anaongea vizuri na bei yake nafuu. Nikamwacha. Angekuwa amekunywa gongo, trafiki angempulizisha kipima ulevi, na kiwango kimo kwenye sheria. Kwa bangi angempulizisha nini?

Kijana wa Ngamiani: Dada, huyo bodaboda kavuta bangi ikiwa marufuku! Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ipo, na haikumzuia. Majimbo ya Colorado na Washington kule Marekani walipiga kura kuihalalisha 2012. Watafiti walipolinganisha vifo vya barabarani huko na majimbo yasiyohalalisha, miaka mitatu ya mwanzo, hawakuona tofauti ya maana. Pombe ni halali, ipo kila kona, na inaua. Mbona hiyo hamuigusi?

Mama wa Pongwe: Pombe naigusa sana, kaka. Ila usiishie miaka ya mwanzo. Mwaka 2022 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, Insurance Institute for Highway Safety, ilitoa utafiti wa majimbo matano: baada ya kuhalalisha na maduka kufunguliwa, ajali za majeruhi zilipanda kwa asilimia 5.8, za vifo kwa 4.1. Haikuwa hivyo kila jimbo, Nevada za majeruhi zilishuka. Kwa hiyo sisemi tutafurika ajali.

Kinachoninyima usingizi ni kipimo. Pombe ikipanda kwenye damu, ulevi nao unapanda. THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, inajificha kwenye mafuta ya mwili. Mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye damu ilhali kichwa kimeshatulia, na aliyevuta saa chache zilizopita damu yake ikaonyesha kidogo wakati bado yuko kwenye stimu. Washington waliweka kikomo cha nanogramu 5 za THC kwa mililita ya damu, na wataalamu wanabishana hadi leo kama namba hiyo inamtambua mlevi. Tena hiyo ni damu, inataka sindano na maabara. Pale Segera usiku nani atamchoma dereva wa lori sindano?

Dereva mstaafu, Muheza: Wanangu, mimi basi nimeendesha hadi nimezeeka. Mvuta bangi si lazima akimbize, wengine wanajikokota wakidhani ndiyo tahadhari. Mtihani ni pale mbuzi anapokatiza, au ukikuta lori limelala barabarani halina hata tawi la kukuonya. Mguu unachelewa kufika kwenye breki. Akichanganya na pombe ndiyo balaa kabisa.

Mama wa Pongwe: Shikamoo mzee. Huo mguu unaochelewa ndio ninaousema. Kipima ulevi hakiuoni.

Kijana wa Ngamiani: Shikamoo mzee. Dada, kwenye kipimo umenibana, sina jibu. Lakini yule wa Kange leo amebeba abiria, na marufuku yako ipo palepale. Nani kampima?

Mama wa Pongwe: Hakuna. Nami nilimkwepa tu, sikumwambia hata aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.